Mhindi Halisi

Kijiji kizima cha Jokhan kilijua kwamba Sahodra ana gere, isipokuwa Sahodra mwenyewe. Yeye jambo hilo aliliita presha. Kila alipomwona Bibi Medha akishuka kwenye gari lake jeupe, sari imemkaa kana kwamba ameshonewa mwilini, kichwa kilimgonga na mdomo ukamkauka, akarudi nyumbani kumeza kidonge.

Na kama kuna mtu katika kisiwa kizima cha Trinidad aliyekuwa na haki ya kuumwa presha, basi ni yeye. Kwa miaka thelathini na mmoja hapakuwa na msichana aliyeolewa Jokhan, kuanzia barabara kuu mpaka mwisho wa mashamba ya miwa, bila Sahodra kuongoza matikor yake, ile shughuli ya Ijumaa ambapo wanawake huenda kijitoni na ngoma kuchimba udongo wa kujengea jiko la harusi. Kwa desturi jembe la kwanza hupigwa na shangazi wa bibi harusi, dada wa baba yake. Lakini mashangazi wa siku hizi, wengi wao wanafanya kazi benki na wanaogopa matope, kwa hiyo Sahodra alikuwa akisimama ubavuni mwao na kuwaelekeza, na mwisho wake jembe analishika yeye. Amechimba udongo wa watoto wa watu mpaka akapoteza idadi. Wa kwake hakuwa nao. Mumewe alikufa mapema, hawajapata mtoto. Alichokuwa nacho ni kaka mmoja, Tilak, na Tilak alikuwa na binti mmoja, Nalini, na tangu Nalini akitambaa Sahodra alikuwa akiingoja siku atakapokuwa shangazi wa kweli, si wa kuazimwa.

Sasa Nalini anaolewa. Harusi ni Jumapili, na leo Jumatatu wifi yake Dolly, mama wa Nalini, amekuja jikoni kwake na bakuli la maembe ya bizari, na Dolly si mtu wa kuja na bakuli bila neno.

"Wifi, usije ukanifikiria vibaya," alisema Dolly.

"Sema kwanza, nitajua nikufikirie vipi."

"Ni huo udongo wa Ijumaa. Mtoto anataka Bibi Medha ndiye achimbe."

Sahodra alikuwa anasukuma chapati za dengu. Aliendelea kusukuma. Ile chapati ikawa nyembamba mpaka dengu zikatokeza.

"Bibi Medha ni dada yake Tilak?"

"Wifi, jamani. Mtoto anataka ifanywe kama inavyofanywa India."

"Na mimi nimekuwa nikifanya kama inavyofanywa wapi? Uchina?"

"Wewe unafanya ya kwetu," alisema Dolly, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililokuwa baya kuliko kama angetukana. "Yule mwenzetu ni Mhindi halisi. Ametoka kulekule. Sisi babu zetu walishuka melini na vibuyu vyao, wakakata miwa, wakakumbuka walichokumbuka. Mengine si yalipotea njiani?"

"Yaliyopotea ni yapi?"

"Mie nitayajuaje, na yamepotea?"

Sahodra akavuta donge jingine la unga. Dolly akaona amepita salama, akaongeza kwamba asijali, hakutengwa, yeye atashika sinia la maua na taa.

"Sinia," alisema Sahodra.

"Lile la shaba, la mama yenu."

Angeweza kusema. Hapo hapo, na unga mikononi, angeweza kusema kwamba anataka kumchimbia mtoto wa kaka yake, kwamba ameingojea siku hiyo miaka ishirini na minne, kwamba wamwonee huruma. Lakini Sahodra alikuwa mtu wa kuombwa, si wa kuomba. "Sinia ni jepesi," alisema. "Nitalishika." Dolly akapumua, akaacha bakuli, akaenda zake kumwambia bintiye kwamba shangazi hana neno.

Neno alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu mwaka na nusu uliopita, siku Bibi Medha alipoingia hekaluni kwa mara ya kwanza na mumewe mhandisi wa gesi. Watu waliacha kuimba. Mwanamke wa miaka kama arobaini, mweupe kidogo, miwani, hana dhahabu nyingi, na wote wakamtumbulia macho kana kwamba mmoja wa masanamu ameshuka kuja kukaa nao mkekani. Baada ya sala wakamzunguka. Wakamuuliza kama viazi vinafaa kutiwa kwenye mchuzi wa maboga. Wakamuuliza bendera ya mungu Hanumani inapaswa kuwa na urefu gani. Kowsilla, jirani yake Sahodra na shoga yake wa utotoni, alimuuliza kama amewahi kukutana na ukoo wa Jokhoo kule Basti, maana babu yake alitoka huko. Bibi Medha alicheka kidogo akasema India ni kubwa. Kowsilla akawaeleza watu kwa wiki nzima kwamba Bibi Medha karibu awafahamu ndugu zake.

Hayo Sahodra angeyameza. Hakuweza kumeza ya Nalini. Msichana alikuwa akija kwake kila Jumamosi tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa anampaka shangazi yake mafuta ya nazi kichwani, huku shangazi anamfundisha nyimbo za harusi, zile alizofundishwa na bibi yake, ambazo Sahodra mwenyewe hakuelewa kila neno lake lakini alijua vizuri wapi mtu hulia na wapi hucheka. Kisha Bibi Medha akafungua darasa la ngoma na Kihindi kwenye ukumbi wa kijiji. Siku ya darasa ikawa Jumamosi. Nalini akaanza kunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari. Akaanza kutembea taratibu, kidevu juu. Siku moja akamwambia shangazi yake, kwa upole kabisa, kwamba ule uchezaji wao wa kufunga biringanya kiunoni kwenye matikor ni wa aibu na India hakuna mtu anayecheza hivyo. Na Jumamosi moja Sahodra alipita nje ya ukumbi, eti anaenda dukani, akachungulia dirishani, akamwona Nalini amesimama nyuma ya kiti cha Bibi Medha anamchomeka maua kwenye nywele, ameuma pini mdomoni, ametulia kwa furaha. Sahodra alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Hata angemkuta marehemu mumewe na mwanamke mwingine asingeumia vile.

Ndiyo maana Alhamisi mchana, alipomwona Bibi Medha anakuja kwa miguu kwenye njia ya nyuma, bila gari, ameficha uso kwa mtandio kama mdaiwa, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba presha imempanda mpaka anaona vitu.

"Mama Sahodra," alisema mgeni, "nina ombi. Nakusihi usinicheke."

Sahodra alimwonyesha kiti barazani. Yeye akakaa kwenye bembea ya turubai, akaanza kujisukuma kwa kidole cha mguu.

"Huo udongo wa kesho," alisema Bibi Medha. "Siujui."

"Huujui vipi?"

"Sijawahi kuona. Kwetu Poona, katika ukoo wetu, hakuna kitu hicho. Mimi nimezaliwa ghorofa ya nne. Udongo wenyewe tulikuwa nao kwenye kopo moja, la maua."

Bembea ikasimama.

"Mbona uliwakubalia?"

"Nitafanyaje? Siku za mwanzo nilikuwa nasema sijui. Wakadhani najivuna. Wengine wakasikitika, ungesema nimewanyima kitu chao. Kwa hiyo nikaanza kusema ndiyo, ndivyo, vizuri. Sasa nimefika mahali siwezi kurudi." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sari. "Nimempigia simu mama yangu. Ameniambia hizo ni desturi za mkoa wa Bihar, mbali na kwetu, yeye atamuuliza nani? Wewe ndiye unayejua. Nalini anasema kila kitu umejifunza kwa bibi yako."

"Nalini anasema hivyo?"

"Kila siku. Nakuonea wivu, mama, nikwambie kweli. Mimi harusi yangu ilikuwa ukumbini, masaa mawili, halafu wakaingia wengine. Sina shangazi aliyenishikia hata ua."

Mtu mwingine hapo angelainika, na Sahodra naye alikaribia. Lakini Bibi Medha akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu, akaliweka wazi magotini. Sahodra akalitazama lile daftari. Amechukua mtoto, akawaza, sasa amekuja kuchukua na jembe, na nimwandikishe mwenyewe.

Alianza kwa ukweli. Alimweleza alama tano za poda nyekundu kwenye ngoma. Alimweleza kuelekea mashariki, wanawake watano wenye waume, jani la tambuu, mapigo matano ya jembe, udongo upokewe kwa upindo wa sari. Bibi Medha aliandika yote kwa yale maandishi ya kwao India, ya kuning'inia kwenye mstari, haraka, bila kuinua macho.

"Na kurudi?" aliuliza. "Tunarudije?"

Kurudi ndiyo sherehe yenyewe. Kurudi ni ngoma zinapasuka, ramu inatoka vikapuni, Kowsilla anafunga biringanya kiunoni na wajukuu wazima wanaziba macho kwa aibu. Sahodra alijisukuma mara moja, mara mbili.

"Kurudi ndiko kwenye heshima," alisema. "Udongo ukishachimbwa, ngoma zinanyamaza. Mnarudi mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna kusema, hakuna kugeuka nyuma. Mkifika langoni, kila mtu anauma jani la mwarobaini, anagusa jiwe, halafu ndiyo anaingia."

Hakuna mtu Jokhan asiyeijua njia hiyo. Ndivyo wanavyorudi kutoka ukingoni mwa mto baada ya kumchoma maiti, ili mauti yasiwafuate nyumbani. Bibi Medha hakuijua, na Sahodra alijua kwamba haijui. Mwaka jana alipofariki mume wa Kowsilla, mgeni huyu alishangaa kuona wanawake wanapanda magari kwenda kwenye kuni za kuchomea maiti. Alisema kwao wanawake hubaki nyumbani, akabaki nyumbani.

"Mwarobaini," alisema Bibi Medha, na uso ukamchangamka. "Hata sisi tunakula, siku ya Mwaka Mpya, na sukari guru. Kumbe vinafanana. Na hapa mnatia sukari?"

"Bila sukari," alisema Sahodra.

Mgeni akaandika. Akainama akamgusa Sahodra miguu, kama mtoto anavyomshukuru mzazi, akaondoka kwa njia ileile ya nyuma.

Usidhani Sahodra alitaka kumtia Nalini nuksi. Hesabu yake ilikuwa fupi. Kesho pale kijitoni, Bibi Medha akifungua mdomo tu kuzinyamazisha ngoma, wanawake wataangua kicheko mpaka waanguke. Mhindi halisi hajui harusi wala matanga. Hapo yeye atasogea, apokee jembe kwa upole, aseme jamani msimcheke mgeni, apige pigo lake, ngoma zirudi. Hawatafika langoni kuuma jani. Usiku huo alilala bila kidonge.

Ijumaa jioni, jua bado kali, waliondoka kwa Tilak wanawake kama thelathini, na wapiga ngoma wanne mbele. Dolly alivaa sari ya machungwa iliyombana. Kowsilla alikuwa na kikapu, na kila mtu alijua kikapuni mna nini. Bibi Medha alibeba jembe begani, na Sahodra nyuma yake na sinia la mama yake, ambalo halikuwa jepesi hata kidogo.

Pale kijitoni kila kitu kilikwenda sawa, na hilo lilimuudhi. Alitarajia mgeni akosee hata yale ya kweli. Hakukosea. Alipaka alama zake tano, akageukia mashariki, akapiga jembe mara tano kwa mkono usiozoea, na udongo mweusi ukamwagika kwenye upindo wa Dolly. Sahodra alimtazama mgongo wake ulioinama. Ule ulikuwa mgongo wangu, aliwaza. Pale palikuwa pangu.

Ngoma zikaanza kuchachamaa. Kowsilla akaingiza mkono kikapuni, akatoa biringanya refu linalong'aa, wanawake wakaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Bibi Medha akainua mkono.

"Sasa ngoma zinyamaze," alisema.

Zikanyamaza. Sahodra akalishika sinia kwa mkono mmoja, tayari.

"Tunarudi kimya, mmoja mmoja. Tusigeuke nyuma."

Hakuna aliyecheka. Kowsilla alilitazama biringanya, akamtazama Bibi Medha, akalirudisha kikapuni taratibu na kulifunika kwa kitambaa. Mwanamke mmoja nyuma alishtuka, akaziba mdomo kwa mkono. Walikuwa wametambua, Sahodra aliona usoni mwao kwamba wametambua. Akangoja.

"Lakini Dolly," alinong'ona Kowsilla, "si ndivyo tulivyorudi siku nilipomchoma mzee wangu?"

Dolly alifikiri. Ungeona jinsi alivyofikiri, udongo umemjaa kifuani, paji la uso limekunjamana.

"Basi tulikosea huko," alisema. "Wazee walichanganya. Walichukua ya harusi wakayapeleka matangani."

"Mungu wangu. Mzee wangu nimemsindikiza kwa mambo ya harusi?"

"Hukujua, dada. Nani alikuwa wa kutuambia?"

Wakajipanga. Wanawake thelathini, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, na wapiga ngoma nyuma kabisa wamekumbatia ngoma zao, hawajui watazame wapi. Sahodra alijikuta katikati ya mstari. Alikuwa na kauli mdomoni, tangu kijitoni mpaka kwenye daraja alikuwa nayo, lakini kila alipotaka kuitoa aliona itakavyomrudia. Akisema si hivi, wataulizana yeye amejuaje alichoambiwa mgeni. Akainamisha kichwa kama wengine. Walipopita mbele ya duka la ramu, wanaume waliokuwa wanacheza karata waliuona ule mstari. Mmoja akavua kofia. Mwingine akasimama, akauliza kwa sauti ya chini nani amekufa, na hakuna mwanamke aliyemjibu kwa sababu hairuhusiwi kusema.

Langoni kwa Tilak palikuwa na jiwe, na juu yake matawi ya mwarobaini. Bibi Medha alikuwa ameyaleta mwenyewe mapema, ameyafunga kwa uzi mwekundu. Na nyuma ya jiwe, katika gauni kuukuu, amepakwa manjano usoni na mikononi mpaka anang'aa, alisimama Nalini anawangoja.

Bibi Medha akauma jani, akakunja uso, akagusa jiwe, akaingia. Dolly akauma. Kisha Bibi Medha akachuma jani changa kabisa, akampa bibi harusi, na Nalini akanyoosha mkono wake wa manjano.

"Usile," alisema Sahodra.

Hakusikika, akatupa sinia. Lilipiga lami, maua yakatawanyika na taa ikazimika. Sasa wote walikuwa wanamtazama.

"Usile, mwanangu. Hayo ni ya maiti. Ni mimi niliyemdanganya. Alikuja kwangu jana akaniuliza, nikamdanganya, nilitaka achekwe. Ngoma hazinyamazi. Mnajua hazinyamazi, nyote mnajua, mmecheza na mimi miaka thelathini. Kowsilla, sema."

Kowsilla akatazama miguu yake.

Bibi Medha alikuwa amebadilika rangi. Alitema alichokuwa anatafuna kiganjani. "Ya maiti?" alisema. Kisha, na hapa lazima apewe haki yake, hakujificha. "Anasema kweli. Mimi sikujua chochote kuhusu shughuli hii. Yeye ndiye aliyenifundisha, yote, hata ya kuchimba. Tazameni, nimeandika."

Akatoa daftari. Dolly akalipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeweza kusoma yale maandishi, lakini wote waliyaona, mistari na mistari, na wale wa nyuma wakanyoosha shingo.

"Kumbe imeandikwa," alisema Dolly, akaligusisha daftari kwenye paji la uso. Halafu akamgeukia Bibi Medha, machozi yamemlengalenga. "Una moyo mzuri, bibi. Unamsitiri wifi yangu asiaibike mbele za watu. Watu wa kwetu hawana adabu hiyo."

"Simsitiri. Nawaambieni mimi sijui."

"Mwasikia," Dolly aliwaambia wenzake. "Mtu mwenye elimu ndivyo anavyosema."

Wanawake wakanong'ona kwamba ni kweli, ndivyo walivyo kule, wanyenyekevu. Bibi Medha alimtazama Sahodra juu ya vichwa vyao, na Sahodra akamtazama, na ikawa kwamba kati ya watu wote waliokuwa pale, wawili hao tu ndio waliokuwa wanajua ukweli.

Nalini hakulitazama daftari. Alikuwa anamtazama shangazi yake.

"Mama alisema umekubali," alisema. "Alisema uliambiwa ukasema sinia ni jepesi."

"Nilisema."

"Nilimuuliza mara mbili. Shangazi hana neno? Akasema hana. Nilingoja uje mwenyewe unikatalie. Jumanne nilikaa barazani mpaka giza. Ungekuja ukasema nataka kuchimba, ningempokonya jembe mtu yeyote." Akaionyesha taa iliyozimika. "Hukuja. Unakuja leo, langoni, kunizimia taa yangu na kunitajia maiti."

"Nalini, mama, lirushe hilo jani."

"Wivu wako umezidi, shangazi."

Akalitia jani mdomoni. Alilitafuna polepole, macho hayamtoki shangazi yake, machozi yakafanya njia mbili katika yale manjano, na huwezi kujua kama ni kwa uchungu wa jani au kwa nini. Akainama akagusa jiwe. Kisha akageuka akaingia kwao, na mstari ukasogea, na wanawake wakaendelea mmoja mmoja kuuma, kugusa na kuingia, mpaka ilipofika zamu ya Sahodra. Dolly alimsubiri na tawi mkononi. Sahodra akauma.

Baadaye, jiko la udongo lilipokuwa linajengwa chini ya kibanda cha mianzi na ngoma zimeruhusiwa tena, yeye alikaa pembeni kwenye benchi, anaokota petali zilizokwama kwenye ukingo wa sinia. Hakuna aliyemfukuza. Walimletea hata soda. Bibi Medha alikuwa amekalishwa kwenye kiti kikubwa, karibu na bibi harusi. Alikuwa ameacha kubisha, na alikuwa anasema ndiyo, ndivyo, vizuri.

Kowsilla alikuja akakaa ubavuni mwake, kikapu magotini, biringanya bado limefunikwa.

"Usijali, mwenzangu," alisema. "Kila mtu hukosea. Hata mimi leo nimejua nilivyomkosea mzee wangu." Akakiweka sawa kikapu. "Agosti namwoza mjukuu. Nimeshamwomba Bibi Medha, amekubali. Na wewe uje, tutahitaji mtu wa kugawa yale majani. Ila nimesahau kumuuliza, yanatakiwa mabichi au makavu?"

"Mabichi," alisema Sahodra.